Nyumba ya Ipagala na uchaguzi wa 2025: uchambuzi wa kisa kimoja cha ununuzi Dodoma

Mwaka 2025 kila aliyekuwa akitafuta nyumba Dodoma alipewa ushauri wa aina mbili. Madalali walisema nunua sasa, uchaguzi ukipita bei zitapaa kwa sababu wabunge wapya wanakuja. Ndugu na marafiki walisema tulia kwanza, uchaguzi upite, huwezi kujua. Kisa hiki kinahusu familia moja iliyosikia yote mawili na ikaishia kununua Oktoba hiyohiyo ya uchaguzi. Nimeruhusiwa kukieleza bila majina, na yale yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaacha. Mume ni mdogo wangu, na kwa kuwa kazi yangu ni uthamini wa majengo, aliniita tangu siku ya kwanza walipoiona nyumba.

Ninavyoona, uchaguzi haukubadili thamani ya nyumba ile. Niliithamini Mei nikapata shilingi milioni 98: kiwanja cha mita za mraba 600 milioni 40, jengo la vyumba vitatu baada ya kuondoa uchakavu milioni 54, ukuta, geti na tenki la maji milioni 4. Niliithamini tena Septemba nikapata namba ileile. Lakini kati ya Mei na Oktoba bei iliyotajwa na muuzaji ilishuka kutoka milioni 112 hadi 93. Kilichobadilika ni haraka ya pesa, nani anayo na anaihitaji lini, na haraka hiyo ilifuata kalenda ya uchaguzi hatua kwa hatua.

Nyumba iko Ipagala, mtaa wa ndani kidogo, mahali ambapo mtumishi anayefanya kazi Mji wa Serikali Mtumba anaweza kuondoka asubuhi na kufika bila kuamka usiku wa manane. Ina ufa mmoja ukutani upande wa jiko, wa kawaida kwa udongo wetu, na tenki la lita 5,000 ambalo kwa Dodoma, penye mgao wa maji, ni sehemu halisi ya bei. Hati yake ni ya miaka 99. Zamani ilikuwa ya miaka 33, kama zilivyokuwa hati za CDA, iliyokuwa mamlaka ya kustawisha makao makuu tangu 1973. Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA na majukumu yake yakahamia manispaa, kisha wenye hati za miaka 33 wakafunguliwa njia ya kuzibadili kwenda miaka 99. Mwenye nyumba hii aliibadili yake miaka michache baadaye.

Nalitaja hili kwa sababu ndilo jibu la kwanza kwa anayeuliza uchaguzi unafanya nini kwenye nyumba za Dodoma. Siku ya kupiga kura haigusi bei. Kinachoigusa ni maamuzi yanayokuja baada yake, mara nyingine mwaka mzima au zaidi. Kura za 2015 zilipigwa Oktoba, na mji huu haukutikisika. Julai 2016, Magufuli aliposema hapa Dodoma kwamba serikali yake itahamia kabla ya muhula kuisha, ndipo kodi za pango zilipoanza kuruka na watu wa Dar wakaanza kupigia simu ndugu zao wa Dodoma kuulizia viwanja. Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka uleule. Aprili 2018 manispaa ikawa jiji, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu. Aliyenunua kiwanja kwa kutazama matokeo ya kura pekee asingeyaona haya yakija.

Mdogo wangu alikuwa na hofu ambayo watumishi wengi wanayo ingawa hawaisemi kazini: "Kaka, akija rais mwingine akasema turudi Dar, mimi nabaki na nyumba ya nani?" Hofu hiyo ilikwisha kupimwa. Machi 2021 Magufuli alifariki, na kwa miezi kadhaa kulikuwa na watu mjini hapa walioamini kuhama kumeishia pale. Haikuwa hivyo. Rais Samia aliendelea, Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023, majengo ya wizara pale Mtumba yakapanda ghorofa, na tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji, kutoka 410,956 mwaka 2012. Nilimwambia kwamba kurudisha serikali Dar kungehitaji kufuta sheria na kutelekeza majengo ya mabilioni, na kwamba hata hilo likitokea, mji wenye watu wengi hivyo na chuo kikubwa kama UDOM hauwezi kurudi ulivyokuwa miaka ya tisini. Hapo ndipo alipotulia na tukaanza kuzungumza juu ya nyumba yenyewe.

Mei: bei ya msimu

Dalali alitaja milioni 120. Tulipokutana na mwenye nyumba ana kwa ana ikajulikana yeye anataka 112, yaani dalali alikuwa ameweka cha juu cha milioni 8 kimyakimya, mbali na asilimia yake. Jambo la kila siku, lakini mwaka wa uchaguzi cha juu huwa kikubwa zaidi kwa sababu dalali ana hadithi ya kukiuzia. Hadithi ya mwaka huo ilikuwa wabunge wapya.

Niliichambua hadithi hiyo kwa makini kwa sababu ina ukweli ndani yake. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuishia Juni kila mwaka. Miezi hiyo nyumba za kupanga, nyumba za wageni na hata vyumba vya uani hupanda bei, uchaguzi uwepo usiwepo. Kwa hiyo bei iliyotajwa Mei ilikuwa tayari bei ya msimu. Pili, ni kweli Novemba baada ya uchaguzi huja wabunge wapya wanaotafuta pa kukaa, lakini karibu wote huanza kwa kupanga. Wanatafuta nyumba zenye ukuta, geti na nafasi ya magari mawili, karibu na Bunge na barabara ya lami: Area D, Kisasa, Mlimwa, sehemu za Ilazo. Mwenye nyumba ya kupangisha maeneo hayo ana haki ya kusubiri Novemba. Nyumba ya vyumba vitatu kwenye mtaa wa ndani Ipagala, inayouzwa kwa familia ya mtumishi, haimo kwenye foleni hiyo. Dalali alikuwa akiazima bei ya Area D na kuipachika Ipagala.

Lililokuwa na uzito zaidi tulilisikia kwa mwenye nyumba mwenyewe. Alikuwa mtia nia. Alitaka kugombea ubunge kwao, mkoa mwingine, na fomu za chama chake zilitarajiwa kutolewa mwisho wa Juni. Kila mtu anayejua mambo haya anajua gharama zake: magari, mafuta, wapambe wa kulishwa na kulazwa, safari za kata kwa kata. Nyumba ilikuwa ndiyo benki yake. "Mkinipa milioni 108 wiki hii, tumemalizana," alisema.

Mdogo wangu na mkewe, ambaye ni muuguzi, walikuwa na akiba ya milioni 42, sehemu yake ikiwa SACCOS. Zilizobaki zingetoka kwenye mkopo wa watumishi. Na mkopo nao ulikuwa na kalenda yake ya uchaguzi. Siku ya Mei Mosi, pale Singida, Rais Samia alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Wao hawako kima cha chini na nyongeza yao ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini kwa kuwa sheria inamtaka mtumishi abaki na angalau theluthi ya mshahara baada ya makato, kila nyongeza hufungua nafasi ya kukopa. Benki iliwaambia wasubiri hati ya mshahara ya Julai. Walitoa ofa ya milioni 100, pesa ikitoka Agosti. Mtia nia akakataa. Agosti kwake ilikuwa baada ya kura za maoni, zile za kuchagua wagombea ndani ya chama.

Watu wawili walikubaliana karibu kabisa juu ya nyumba, wakashindwana kwa sababu mmoja alihitaji pesa kabla ya Juni kuisha na mwingine angeipata baada ya Julai. Hapa ndipo uchaguzi wetu unapoingia kwenye soko la nyumba, na ni njia tofauti na ile ya nchi nyingine. Marekani, wanunuzi wengi wanakopa kwa miaka 30, hivyo kabla ya uchaguzi mjadala huwa juu ya riba itaelekea wapi. Kwetu mikopo ya nyumba yote ikijumlishwa haifikii hata asilimia 1 ya pato la taifa, na riba yake, asilimia 13 hadi 19, haitikisiki haraka. Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75 na mkopo wa mdogo wangu haukupungua hata senti. Ulibaki asilimia 14. Soko letu linakwenda kwa pesa taslimu, mishahara na madeni ya kujuana. Anayelisukuma mwaka wa uchaguzi ni mtu anayeuza ili agombee, mkandarasi anayesubiri kulipwa na halmashauri, mtumishi aliyepandishiwa mshahara, na mkopeshaji binafsi anayeuza muda.

Septemba: hati haipo

Mwanzoni mwa Agosti kura za maoni zilipigwa na muuzaji wetu hakupita. Septemba dalali alipiga simu: milioni 98, "mzee yuko tayari kusikiliza". Kwa kuwa nilikuwa nimeithamini nyumba 98, mtu angesema tulipe tuondoke. Mimi niliomba jambo moja tu: hati halisi mezani.

Alileta kivuli, yaani nakala. Kivuli safi, chenye muhuri wa wakili, lakini kivuli. Tulikuwa tumefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati na majibu yalikuja mazuri: jina lake, hakuna rehani iliyosajiliwa, hakuna zuio. Mtu asiyezoea angeridhika na upekuzi. Lakini upekuzi unaonyesha yaliyosajiliwa, na mikopo ya haraka ya mwezi Juni kwa kawaida haisajiliwi. Hati huchukuliwa, ikafungiwa kabatini, pesa zikatolewa siku hiyohiyo. Baada ya kuulizwa kwa upole, na bila kuzungukwa, mzee alisema: alikopa milioni 20 mwishoni mwa Juni, riba asilimia 10 kwa mwezi, hati iko kwa mkopeshaji. Kufikia Oktoba deni lilikuwa milioni 28.

Nilisikitika, na bado nasikitika. Ofa ya milioni 100 aliyoikataa Mei ingemwacha bila deni. Sasa alikuwa amelipa milioni 8 kwa kuharakisha jambo ambalo halikufanikiwa, na bei yake ilikuwa bado inashuka. Simlaumu kugombea. Mwenye kosa kubwa kwa macho yangu ni biashara nzima ya kukopesha watia nia kwa dhamana ya hati bila kusajili rehani, kwa sababu inamuumiza anayekopa na inamwekea mtego mnunuzi asiyejua. Mdogo wangu angeweza kulipa milioni 98 kamili, akapokea funguo na kivuli, kisha mkopeshaji akajitokeza Januari na hati halisi mkononi.

Wakili tuliyemwita alipanga malipo hivi. Bei, milioni 93. Milioni 28 za kwanza zisimguse muuzaji. Zilipwe moja kwa moja kwa mkopeshaji ofisini kwa wakili, mbele ya wote, na hati halisi itolewe palepale na ibaki kwa wakili. Milioni 60 zilipwe baadaye kupitia benki. Milioni 5 za mwisho zibaki kwa wakili hadi kodi ya ongezeko la mtaji ilipwe na uhamisho upite. Kodi hiyo ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida yake, lakini wauzaji wengi wakishapokea pesa yote hawaonekani tena, na mnunuzi anayetaka hati kwa jina lake hujikuta akilipa kodi ya mwenzake.

Mama mwenye nyumba

Siku tuliyokwenda kuangalia nyumba mara ya pili, mke wa muuzaji ndiye alitufungulia geti. Alitukaribisha vizuri sana. Kisha akatuuliza kama tumekuja kupanga chumba cha uani.

Hakujua kwamba nyumba inauzwa. Alijua kwamba mume wake amekopa, na alijua hati haipo ndani, lakini kuuza hakuambiwa. Yeye na watoto wawili wanaosoma hapohapo Ipagala waliishi ndani yake. Nilimtazama mdogo wangu, naye akanitazama, tukaaga. Njiani muuzaji alitupigia simu akasema, "Mama ataelewa, ninyi endeleeni na wakili."

Hatukuendelea. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine, na sheria za ardhi zinamtaka mnunuzi naye aulize. Mkataba bila saini yake ungeweza kubatilishwa mahakamani hata baada ya pesa kulipwa. Lakini nitakuwa mkweli: hata sheria isingekuwepo, mke wa mdogo wangu alikwishasema hawezi kulala kwenye nyumba ambayo mama mwingine ametolewa bila kuambiwa.

Aliyeitatua kazi hiyo ni yeye, muuguzi. Alirudi peke yake, akakaa na yule mama jikoni, karibu na ule ufa. Mama alimwita mwanangu, akamweleza kwamba nyumba ile walijenga pamoja, yeye akiuza vitenge na mchele, na kwamba hana tatizo na kuuza kwa sababu deni linaongezeka kila mwezi na litawala wote. Alikuwa na masharti mawili. Watoto wamalize mwaka wa masomo Desemba, na sehemu ya pesa iingie akaunti yake mwenyewe ili apate kiwanja kingine. Yote mawili yaliingia kwenye mkataba kama vifungu vyenye namba: makabidhiano baada ya shule kufungwa Desemba, na milioni 30 kati ya zile 60 ziende akaunti ya mama. Mzee alikubali bila kubishana. Nadhani alipumua.

Mdogo wangu alilazimika kulipa pango la miezi miwili zaidi alikokuwa amepanga, laki 3 na nusu kwa mwezi, kwa ajili ya sharti la kwanza. Ni shilingi 700,000. Kwa mkataba uliosainiwa kwa moyo mweupe na mke na mume, naona zilikuwa pesa zilizotumika vizuri kuliko zote katika kisa hiki.

Oktoba 29

Mkataba ulisainiwa kabla ya katikati ya Oktoba, mkopeshaji akalipwa, hati ikatoka. Milioni 60 zilitakiwa kulipwa kufikia Ijumaa Oktoba 31, na muuzaji alisisitiza kifungu cha kawaida: mnunuzi akichelewa, anapoteza alichokwisha kulipa. Wakili alikiacha, ila akaongeza sentensi moja kwa sababu Jumatano Oktoba 29 ilikuwa siku ya kupiga kura na ya mapumziko: iwapo huduma za benki au za ofisi za umma zitasimama, muda utasogezwa kwa idadi ya siku hizo za kazi. Alifikiria sikukuu ya siku moja.

Kilichotokea wote tunakijua. Siku ya kura kulizuka maandamano na vurugu katika miji kadhaa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, watu walipoteza maisha, na intaneti ikazimwa nchi nzima hadi Novemba 3, siku ambayo Rais Samia aliapishwa hapa Dodoma. Watumishi waliambiwa wafanyie kazi nyumbani. Kuzungumzia malipo ya nyumba kando ya msiba wa familia za watu si rahisi, na silinganishi. Naeleza tu lililompata mnunuzi huyu: pesa ya mkopo ilikuwa imeingia akaunti yake, mfumo wa benki yake haukupitisha uhamisho, na Ijumaa ikapita.

Jumamosi muuzaji alikuja mwenyewe mlangoni kwa mdogo wangu. Alisema muda umekwisha. Akaongeza kwamba kuna mbunge mteule yuko tayari kutoa milioni 115. Sijui kama mteja huyo alikuwepo, hakuna aliyemwona. Ninachojua ni kwamba Septemba mzee alikuwa na haraka kwa sababu ya deni, na sasa deni lilikuwa limelipwa, tena kwa pesa ya mnunuzi. Haraka ilikuwa imehamia upande wetu. Ndiyo hatari ya malipo ya awamu ambayo watu hawaihesabu: awamu ya kwanza inamwokoa muuzaji, na akishaokoka anaanza kuiona bei upya.

Mambo mawili yalimzuia. La kwanza, ile sentensi ya wakili. Bila hiyo tungelazimika kwenda kubishana mahakamani chini ya Sheria ya Mikataba, na huenda tungeshinda, lakini kesi ya ardhi Dodoma ni ya miaka, si ya wiki. La pili ni mke wake. Alimpigia simu mke wa mdogo wangu usiku uleule akasema, "Mwanangu, mimi nilishaweka saini, na saini yangu haibadiliki." Bila yeye mzee asingeweza kumuuzia mtu mwingine yeyote. Ridhaa ambayo mwanzoni ilionekana kutuchelewesha ndiyo iliyoilinda nyumba.

Pesa zilipita Novemba 4, mzee akapokea milioni 30 zake na mama 30 zake. Wiki mbili baadaye Bunge lilikuwa limefunguliwa, Waziri Mkuu mpya ameapishwa na baraza la mawaziri limetangazwa. Pango kule Area D na Kisasa lilichangamka kama madalali walivyosema. Ipagala bei za kuuza zilibaki pale pale. Jirani wa nyumba ile aliweka yake sokoni Novemba kwa milioni 118 akitegemea wabunge, na hadi naandika haijapata mteja.

Kama wangesubiri

Nimeulizwa mara nyingi kama walifanya vizuri kununua kabla ya kura. Hesabu ninayoitumia ni hii. Mkopo wao ni milioni 55 kwa miaka saba, marejesho kama shilingi 1,030,000 kwa mwezi, na hadi mwisho watakuwa wamelipa karibu milioni 86 na nusu. Riba pekee inazidi milioni 31. Ukiweka kando ya hizo, kubishania bei ipande au ishuke milioni 5 kwa sababu ya uchaguzi ni kubishania dogo. Kama kweli mtu anataka kuokoa, njia ilikuwa kukopa kidogo zaidi, au kujenga taratibu kwenye kiwanja chao cha Nala. Walikifikiria. Nala ni mbali na Mtumba, jiji liko katikati, na muuguzi anayetoka zamu ya usiku hawezi kuvuka mji mzima kila alfajiri. Waliamua nyumba iliyokamilika, kwa sababu za maisha yao, na kwangu sababu hizo zinazidi uzito kalenda yoyote ya siasa.

Ambaye ningemwambia asubiri ni mnunuzi asiye na wakili, mwenye muuzaji mgombea, anayetakiwa kulipa yote kabla ya tarehe fulani ya chama. Huyo asubiri hata kama bei itapanda kweli, kwa sababu punguzo lote analopewa linaweza kuwa ni bei ya deni asiloliona.

Familia ya mzee ilihama Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa. Uhamisho ulikwama Desemba kwenye kodi ya ongezeko la mtaji. Mzee hakuwa na kumbukumbu yoyote ya gharama za ujenzi, na bila hizo faida yake halisi isingeweza kuhesabiwa. Mama ndiye aliyekuwa nazo: risiti za kiwanja, saruji, nondo, bati, malipo ya fundi yaliyosainiwa, zote kwenye bahasha moja ya kaki, jumla milioni 60. Faida ikahesabiwa milioni 33, kodi milioni 3.3. Mdogo wangu na mkewe wakalipa ushuru wa stempu wa asilimia 1 na ada za usajili, na hati ikatoka kwa majina yao wawili. Milioni 1 na laki 7 zilizobaki kwa wakili alikabidhiwa mama, kwa maelekezo ya mzee mwenyewe.